Jo Nesbø na Wasomaji Waliomtangulia

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mtunzi wa riwaya hupendwa kwa kipaji chake au kwa bahati tu. Nitalijibu kwa kumtazama Jo Nesbø wa Norwei, ambaye riwaya zake za upelelezi zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 50 duniani, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo la tatu ambalo swali limelisahau, nalo ni wasomaji wenyewe.

Nesbø alizaliwa Oslo mwaka 1960 akakulia Molde, mji mdogo wa pwani ambao timu yake aliichezea katika ligi kuu angali kijana. Alipoumia magoti, ndoto ya soka ikaishia hapo. Akaenda kusomea uchumi Bergen, na baadaye akawa dalali wa hisa huku akiimba katika bendi ya Di Derre. Bendi ilipovuma aliombwa aandike kitabu kuhusu maisha ya ziara za muziki, lakini yeye akachukua likizo, akasafiri hadi Australia, akarudi na kisa cha mauaji kinachochunguzwa na Harry Hole, askari mpelelezi wa Oslo aliyetawaliwa na pombe. Muswada aliupeleka kwa wachapishaji kwa jina la bandia, asije akakubaliwa kwa kuwa ni mwimbaji maarufu. Ulitoka mwaka 1997 na kutunukiwa tuzo ya riwaya bora ya upelelezi nchini Norwei. Kufikia hapo sina ubishi: hicho ni kipaji.

Hata hivyo, wasomaji wa Norwei walikuwa wamekwisha kuandaliwa. Mwaka 1923, siku chache kabla ya Pasaka, tangazo la riwaya moja lilichapishwa juu kabisa katika ukurasa wa mbele wa gazeti, likisema kuwa treni ya Bergen imeporwa usiku, na wengi wakadhani ni habari ya kweli. Tangu hapo Pasaka ikawa msimu wa visa vya uhalifu: familia huenda na riwaya hizo kwenye vibanda vyao vya milimani, televisheni huonyesha tamthilia za mauaji, na hata pakiti za maziwa huchapishwa mafumbo ya upelelezi ambayo mtu huyafumbua akiwa mezani asubuhi.

Kwangu mimi, riwaya ya Nesbø iliyo bora ni Rødstrupe ya mwaka 2000, inayowahusu Wanorwei waliopigana upande wa Wajerumani karibu na Leningrad, mji wa Urusi, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baba yake Nesbø alikuwa miongoni mwao, na mwana alilijua hilo akiwa na umri wa miaka kama 15. Ndiyo maana aibu ya taifa zima inasomeka humo kama jambo la nyumbani. Vitabu vya baadaye vina damu nyingi kuliko ninavyoweza kustahimili, ingawa ndivyo vilivyompa jina kubwa ng'ambo. Filamu iliyotokana na Snømannen, mojawapo ya riwaya zake za Harry Hole, ilipotoka mwaka 2017, wahakiki waliiponda vikali, lakini wasomaji hawakumtupa: riwaya mpya za Harry Hole ziliendelea kutoka na kununuliwa, na wageni bado huzuru mtaa wa Sofies gate jijini Oslo kutazama jengo anamoishi mtu ambaye hajapata kuwapo.