Sili mpya, mafuta bado yanavuja

Ndugu mmoja wa Sengerema kaniandikia juzi: kabadilisha sili (mipira inayozuia mafuta yasitoke) za shokapu za mbele za pikipiki yake mara mbili ndani ya mwezi na mafuta bado yanachuruzika. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana huyo alikuwa mimi.

Mwaka jana shokapu yangu ya kulia ilianza kulowa. Fundi mmoja akaniwekea sili mpya na maneno mengi. Siku ya nne mafuta yakafika kwenye diski ya breki, breki ya mbele ikanikatalia mteremko wa Bugando, hapa Mwanza, nikiwa na abiria. Mama wa watu akashuka, akanilipa nusu, hakusema neno. Ile nusu inaniuma mpaka leo. Fundi naye akadai eti napakia mizigo kupita kiasi!

Wiki tatu zilizopita nikafungua mwenyewe, uani. Nikakalisha injini juu ya kreti za soda, gurudumu likaning'inia. Kofia ya juu ya shokapu ilegeze shokapu yenyewe ikiwa bado imebanwa kwenye pikipiki, ukishaichomoa utahangaika nayo. Mengine ya kufungua mnayajua.

Nilipopitisha kucha kwenye bomba la kromu la shokapu nikamkuta mchawi wangu: mkwaruzo na kutu kidogo, palepale sili inapopita. Sili yoyote ingekatwa pale. Na chanzo ni mimi. Kila jioni nilikuwa naiosha ufukweni, mchanga ukigandia chumani. Nikasugua taratibu kwa msasa laini wa namba 2000 uliolowa mafuta, mpaka kucha ikapita bila kukwama. Kama vishimo vimezama, nunua bomba jingine.

Kabla ya kuvisha sili, funga ncha ya bomba kwa nailoni ya mkate (mifuko tulishapigwa marufuku 2019), paka mdomo wa sili mafuta ya shokapu. Igonge kwa kipande cha bomba la maji kinachoienea, sili kuukuu ikiwa juu yake. Usigonge kwa bisibisi. Narudia, usigonge kwa bisibisi. Mafuta pima kwa kipimo cha kitabu cha chombo chako, pande zote sawa. Pedi za breki zilizolowa mafuta nilizitupa.

Vijana wa kijiweni, tunakuwa wavivu. Chombo kinakulisha, kinasomesha wanao, nawe hujui tumboni mwake mna nini! Kagua chuma kwanza, jamani. Chuma!

Bomba langu kavu mpaka leo. Jana nilipita mbele ya yule fundi, nikafunga breki ya mbele makusudi, nikamsalimia.