Uliza Bi Kidani: Shangazi asema jiwe langu ni chupa

*Bi Kidani shikamoo. Naishi Langoni hapa Lamu, mchumba wangu anafanya kazi Voi na likizo iliyopita kaja na jiwe la kijani anasema ni turmalini, karati mbili kasorobo, ataka tulipeleke kwa sonara nitiliwe pete ya harusi. Sasa shangazi yangu kuliona tu kacheka, ati hiki kipande cha chupa ya soda, mwambie alete dhahabu. Mi jiwe nimelipenda wallahi ila shangazi kanitia shaka. Lina thamani au ntachekwa?*
– Bi harusi mtarajiwa

Marhaba mwanangu. Shangazi yako usimkasirikie, ana hoja na ntairudia, ila hiyo ya chupa tuipime kwanza. Nendeni kwa sonara mwenye lenzi, aliangalie jiwe kwa juu mpaka aone zile kingo za nyuma, na aligeuzegeuze. Turmalini huigawa nuru mara mbili kwa hiyo kingo zaonekana pacha, kama unavoona mambo mawili mawili ukiamshwa usingizini. Chupa haifanyi hivo hata uigeuze vipi, tena mara nyingi ina vipovu ndani. Na akikosa pacha na vipovu pia hakuna, usianze kulia, maana limetoka Voi na yawezekana ni tsavoraiti, jiwe jingine la kijani la kina Taita Taveta lisiloigawa nuru, lililopewa jina la Tsavo, na hiyo kwa kawaida bei yake iko juu kuliko turmalini ya kijani! Basi mchumba atakuwa kakupa zaidi ya alivokusudia, nyamaza tu uvae.

Turmalini yenyewe ina rangi kuliko kanga za dukani, waridi, buluu, manjano, nyeusi, na kuna ile wanaiita tikiti maji, ganda kijani ndani waridi, jiwe moja. Kijani kile kikali cha kwetu Kenya na Tanzania chatokana na madini ya kromu na vanadi ndani yake. Watu huifananisha na zumaridi, lakini zumaridi nyingi zina nyufa na hutiwa mafuta kuzificha, turmalini ya kijani huwa safi zaidi, kwa pesa ile ile wapata jiwe kubwa na lang'ara. Na ina vituko vyake: ukiipasha joto yavuta vumbi na jivu, Waholanzi zamani waliitumia kutolea jivu kwenye viko vyao vya tumbaku. Usijaribu jikoni, nakujua.

Sasa shangazi. Yeye anaongea akiba, na kwa akiba kasema kweli. Bangili ya dhahabu hata mtoto akiugua usiku asubuhi unaipeleka, inapimwa kwa gramu, unahesabiwa pesa yako. Pete yenye jiwe ukiipeleka, sonara atatoa uzito wa jiwe kwanza akulipe madini tu, jiwe urudi nalo mkononi umtafute wa kulipenda kama ulivolipenda wewe, na huyo si wa siku moja. Kwa hiyo dhahabu ya mahari idai kama kawaida na jiwe livae kwa sababu lakufurahisha, moja lisimtoe mwenziwe. Kwani masonara wetu hapa si ndio hutia vigae vya sahani za kale za Kichina kwenye pete za fedha na watu wanazigombania? Kigae kile kwenye mizani hakina kitu.

Mwambie sonara fedha ilizunguke jiwe pande zote, sio kucha nne tu, na asipige moto jiwe likiwa ndani, joto la ghafla lalipasua. Ugumu wake ni 7 mpaka 7.5, kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, na mchanga wetu wa pwani una kwazi, yale madini Wazungu waita quartz, yenye ugumu wa 7, so ukienda ufuoni livue lisikwaruzwe, ukilisafisha ni maji vuguvugu na sabuni, basi.

*Bi Kidani, hapa Malindi nimeuziwa hereni za turmalini ya Paraiba shilingi 3,000, jamaa kasema ni ofa ya mwisho wa msimu. Nimepata bahati?*
– Mpenda vitu

Mwanangu. Paraiba ni buluu ile ya bahari saa sita mchana, yatokana na shaba ndani ya jiwe, ilipatikana Brazili miaka ya 1980 na baadaye Nigeria na Msumbiji. Karati moja iliyo nzuri huenda kwa maelfu ya dola. Kwa shilingi 3,000 umenunua hereni za buluu. Kama zakupendeza zivae, ila mumeo akiuliza usimtajie Paraiba, atataka kuziuza.