Kongole 61, Mizani Saba

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Majengo, naandika mashairi. Mwaka jana nilijiunga na jukwaa la washairi mtandaoni. Ukiweka shairi unapata alama 10, ukitoa maoni alama 2. Ukifika 500 unaitwa Mghani, 2,000 Malenga, 5,000 Shaha. Mimi nina 640. Kuna mwenzetu hajaandika hata beti tatu, lakini kutwa yuko kwenye maoni akiandika "kongole", na sasa ni Malenga! Nami nimeanza kumuiga, nikiwa kwenye matatu nabonyeza tu. Nihame? Nimekutumia kiungo cha shairi langu lililosifiwa kuliko yote.

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa kongole usimchukie. Mwenye jukwaa ndiye aliyetangaza bei, naye amepiga hesabu kama muuza mahamri. Shairi la beti saba linakula usiku mzima na kuleta alama 10. Kongole tano zinaleta zizo hizo kabla matatu haijafika daraja la Nyali.

Alama zenyewe sizibezi. Jukwaa jipya lisilo na watu ni kama baraza asubuhi ya Ramadhani: kibaraza kipo, wakaaji hawapo. Alama huwatoa watu majumbani. Ila zinahesabu nani kaja, hazijui kasema nini.

Sasa shairi lako. Lina maoni 61 na nimeyapitia yote, kwa macho yangu haya na simu ya mjukuu. Mshororo wa kwanza umeandika: "Bahari imechafuka, nahodha shusha tanga." Hebu hesabu silabi kwa vidole. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, una mizani nane, sawa. Njoo kwenye utao, nusu ya pili: na-ho-dha-shu-sha-ta-nga. Saba! Andika "nahodha ushushe tanga" na utakaa sawa mdomoni. Watu 61 wamepita hapo hapo, wakachukua alama 122 kwa jumla, na hapana hata mmoja aliyekwambia. Hilo ndilo lililoniudhi mimi, si cheo cha mtu.

Waandika programu wana mtandao wao wa maswali na majibu, Stack Overflow, tangu 2008. Kule maoni ya pembeni hayakupi kitu. Jibu lako likipigiwa kura na mwenzako ni alama 10, mwenye swali akilikubali unaongezwa 15, na kura ya kulikataa inakukata 2. Yaani anayepima ni yule aliyefaidika. Mwandikie msimamizi wenu umpe wazo hilo: kila mwenye shairi awe na alama zake 15 za kumpa mtu mmoja tu, yule aliyemuonyesha kitu. Akikataa, basi, lakini muulize.

Na hayo majina ya Malenga na Shaha, mbona yanauzwa rahisi hivyo? Malenga wetu wa Mombasa, Muyaka bin Haji, alifariki karibu 1840, na yapata nusu karne baadaye Mwalimu Sikujua alikuwa bado akiyaokota mashairi yake vinywani mwa watu hapa hapa Mvita. Haya, nimetoka njiani.

Usihame. Kongole za matatuni ziache. Wiki hii chagua shairi moja la mwenzako, lihesabu mizani, umwandikie ulichokiona, hata kama ni alama 2 tu.

Ubeti wako wa tatu sikuugusa. Kuna kina kimepotea humo, kitafute mwenyewe.