Jumatatu haijui mgao

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Nchi kama zetu zianze na kipi ili uchumi ukue, umeme wa uhakika au mikopo nafuu?", nimelisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la pumba, nikacheka peke yangu. Nina mashine ya kukoboa na kusaga hapa Kibaigwa. Jibu langu la haraka: umeme. Bila umeme hiyo mikopo ni ya kununulia nini?

Ila naomba nieleze la Oktoba 2023, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto nchi nzima. Mama mmoja mwenye tenda ya kulisha shule aliniletea magunia 12 ya mahindi, anataka sembe kesho yake mchana. Wanaojua kazi hii wanajua: mahindi unayanyunyizia maji kwanza ili ganda lilegee, na yakishalowa hayana subira. Tukanyunyizia yote. Tumekoboa magunia mawili, saa 3 asubuhi, mota ikanyamaza. Tukangoja. Saa 8 nikayamwaga juu ya turubai tukawa tunayageuza, maana ndani ya gunia yalishaanza kupata joto. Ukiingiza mkono ni kama umemshika mtoto mwenye homa. Umeme ukarudi saa 5 usiku. Jirani mwenye kichanga akagonga dirisha, nikamwomba radhi, nikaendelea. Dakika kumi hazijapita, taa zikafifia, mota ikawa inanguruma bila kuzunguka, na kabla kijana wangu hajafika kwenye swichi nikanusa waya unaungua.

Kuisuka upya kulikula siku sita na shilingi 480,000. Yule mama alikuja kuchukua mahindi yake na hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatatu ikafika. Mkopo wangu ulikuwa wa kikundi, rejesho shilingi 118,000 kila wiki, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Afisa alikaa kibarazani kwa mwenyekiti, na haondoki mtu mpaka hesabu itimie. Wenzangu wakanichangia. Mmoja ni muuza vitumbua. Alifungua kitambaa chake, akahesabu noti za elfu moja moja zenye mafuta. Mimi nilikuwa nahesabu nyufa za sakafu.

Sasa nikiandika haya naona nimewajibu harakaharaka pale juu. Mzee mwenye mashine kule stendi alikosa umeme kama mimi, siku zilezile. Yeye alifunga mlango akaenda shamba, mgao ulipopita akafungua. Hakuwa na deni. Giza lilikuwa letu sote, lakini aliyechangiwa na muuza vitumbua ni mimi.

Tazameni Bwawa la Julius Nyerere, lile la kufua umeme kwenye mto Rufiji. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018, mashine ya kwanza kati ya tisa ikaanza kutoa umeme Februari 2024, zote zikakamilika 2025: megawati 2,115, kwa gharama ya shilingi trilioni 6.5, fedha za serikali yenyewe. Zaidi ya miaka mitano fedha imelala pale Rufiji kabla ya kuwasha hata taa moja, na hakuna afisa aliyekaa kibarazani. Kumbe fedha ya kusubiri ipo, ila haijafika kwetu wenye mashine moja. (Watakaosema bwawa lilikula fedha za mambo mengine, siwabishii. Na mvua zikigoma tutarudi kulekule. Tuliokuwepo 2006 tunakumbuka bwawa la Mtera lilivyopungukiwa maji, tukaishia kwenye mgao.)

Kwa hiyo kura yangu naipa umeme, kwa sababu ndio uliorudisha usingizi wa jirani yangu. Siku hizi nakoboa mchana. Lakini kama mtanihesabu upande wa mikopo sitalalamika, mradi iwe mikopo inayofuata msimu wa mahindi, si kalenda ya afisa. Riba nafuu peke yake haikuwa shida yangu.

Umeme huu wa sasa unatosha kabisa kuongeza mashine ya pili. Wiki iliyopita kijana wa mikopo aliniletea fomu. Nikamuuliza: umeme ukikatika siku tatu, rejesho linasogea? Akacheka, akasema nisome ukurasa wa nyuma. Fomu iko pale juu ya kinu, imeshaanza kuwa nyeupe kwa unga.