Kabla ya kulaumu gundi, kwangua ile ya zamani

Kiti cha mama kilinisumbua mara tatu. Kila mguu ulipolegea nilimimina gundi nyeupe kwenye tundu, nikaurudisha, nikaukaza kwa kamba. Baada ya wiki chache unaanza kucheza tena. Mara ya nne niliuchomoa kabisa nikautazama mwangani: ulimi wake, yaani ncha inayoingia tunduni, uling'aa kama uliopakwa vanishi. Ilikuwa gundi yangu mwenyewe, tabaka juu ya tabaka.

Gundi nyeupe ya mbao, yaani PVA, hushika kwa sababu mbao huinywa. Ikishakauka huziba vinyweleo vyote, na ukipaka nyingine juu yake haina pa kuingia. Kwa hiyo kazi kubwa ya kutengeneza kiti ni kukwangua. Siki ya uvuguvugu huilainisha gundi kuukuu, halafu patasi na msasa humalizia mpaka uone rangi halisi ya mbao. Acha mbao ikauke vizuri ndipo upake gundi mpya. Mguu ule haujalegea tena.

Kwa vitu vya ndani, gundi nyeupe au ile ya manjano inatosha kabisa. Usitumie pesa zaidi. Kwa vinavyoloa, soma alama ya kuvumilia maji kwenye chupa. D3 huvumilia maji ya mara moja moja, D4 ndiyo ya nje, na hata hiyo inataka rangi au vanishi juu yake.

Tundu likiwa limepanuka, PVA haitakusaidia, kwa kuwa haijazi nafasi. Hapo natumia epoksi, gundi ya sehemu mbili unazochanganya, au nabandika kipande chembamba cha mbao kwenye ulimi ili ubane. Ile gundi inayotoa povu sikushauri kwa pengo: povu hujaa kweli, lakini nguvu halina. Supaglu iachie vibanzi vidogo.

Jihadhari pia na kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata nyuzi. Hunywa gundi yote na kuacha kiungo kikavu. Paka kidogo, subiri dakika chache, paka tena, na bado weka skrubu au kijiti cha mbao cha kushikilia.

Huna jiliwa, kile kibano cha fundi? Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa utepe mrefu na kuzungushwa kwa kuvutwa, hukaza vizuri sana, hata kwenye miguu ya mviringo. Ukiona vitone vidogo vya gundi vimejipanga ukingoni, umepaka kiasi chake. Usivifute kwa kitambaa chenye maji. Gundi iliyoyeyuka huingia kwenye nyuzi na kuacha doa jeupe litakaloonekana chini ya vanishi. Ngoja viwe kama jibini, uvikwangue kwa patasi.

Kisha saa 24 bila kuguswa. Mimi hukigeuza kiti miguu juu, asije mtu akakikalia.