Kabla ya Kumrudisha Mtoto Shuleni, Uliza Fedha Yake Ilikuwa Ikilipa Nini

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha madarasa ya juu katika shule za msingi za Temeke, Dar es Salaam, na tangu nilipostaafu nimekuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu. Nafasi hizo mbili zimenikutanisha na watoto wengi walioacha masomo ili wauze mayai ya kuchemsha na karanga vituoni, waokote chupa za plastiki na vyuma chakavu, wabebe mizigo sokoni au watumike katika nyumba za watu. Ninamwandikia jirani, mwalimu, ndugu au mwajiri aliyemwona mtoto wa namna hiyo, akaumia moyoni, lakini hajui aanzie wapi. Ushauri wangu ni kwamba aanzie kwenye fedha. Kabla ya kumkemea mzazi na kabla ya kumnunulia mtoto sare mpya, afahamu kile kidogo anachokipata mtoto kinalipa nini nyumbani kwao, kwa sababu pengo hilo lisipozibwa kwa njia nyingine, mtoto atarudi barabarani hata kama amesindikizwa darasani na mtendaji wa kata mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alikuwa akiuza mayai Mbagala Rangi Tatu kuanzia jioni hadi usiku. Shuleni alikuwa akisinzia kipindi cha kwanza, kisha akaanza kukosa siku moja moja, na hatimaye jina lake likawekwa kwenye orodha ya watoro. Barua za wito zilipelekwa nyumbani bila kujibiwa. Tulipokwenda wenyewe tulimkuta bibi anayelea wajukuu watatu, akatueleza bila kuficha: "Mwalimu, sikumtuma kwa kupenda. Kuuza vitumbua kunatupatia chakula tu. Chumba kinalipwa na hela ya mayai." Mwenye nyumba alikuwa akidai kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na hapakuwa na namna ya bibi yule kuikusanya peke yake. Tulimwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa akae na mwenye nyumba, wakakubaliana kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na mjomba wa watoto, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza hali ilivyo, akabeba sehemu yake. Kijana alirudi darasani, ingawa haikuwa rahisi, na mara mbili tulilazimika kwenda tena kumtafuta.

Nimesimulia habari hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi umaskini wa jiji hili unavyofanya kazi. Kaya nyingi za uswahilini huishi kwa kipato cha siku, hazina akiba, na jambo moja tu, kama vile homa ya mama lishe, kuvunjwa kwa kibanda cha biashara au msiba wa kijijini unaodai nauli, linatosha kumtoa mtoto shuleni kwa wiki mbili. Wiki hizo huzaa mwezi, na mwezi huzaa mazoea. Mtoto aliyekosa hisabati za muhula mzima hurudi akiwa haelewi kinachofundishwa, huona aibu, na shughuli ya kuuza mayai, ambayo anaijua vizuri na inampa heshima nyumbani, humvuta zaidi kuliko ubao. Akifika umri wa kuwa mzazi bila elimu wala ujuzi, atapata kazi zilezile za siku kwa siku, na wanawe watakabiliwa na uamuzi uleule.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa watoto milioni 4.2 wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 5 hadi 17, yaani asilimia 28.8 ya watoto wote wa umri huo, walikuwa katika utumikishwaji. Walio wengi walikuwa mashambani na kwenye mifugo, na labda ndiyo sababu sisi wa Dar es Salaam hulichukulia jambo hili kuwa la mikoani. Lakini mikoa hiyo hutuletea watoto wake kila mwaka, na sisi ndio tunaowapokea.

Wapo wanaouliza kwa nini mtoto aache shule wakati elimu ni bila malipo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada na michango ya lazima ilifutwa kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa hadi kidato cha sita, na mimi niliyefundisha kabla na baada ya hapo ninashuhudia kwamba watoto wengi wasingeandikishwa kamwe bila uamuzi huo. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana vimebaki mikononi mwa mzazi, na kwa kaya maskini gharama iliyo kubwa kuliko zote ni ile fedha ambayo mtoto angeipata kama asingekuwa darasani. Pia shule zetu nyingi zina wanafunzi wengi kuliko vyumba, hivyo watoto husoma kwa zamu. Anayetoka saa sita mchana ana nusu ya siku mbele yake, na kazi huingilia hapo: kwanza baada ya masomo, kisha badala ya masomo. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu walisome daftari la mahudhurio kwa makini zaidi. Mtoto anayekosa kila Jumatatu, au kila siku ya gulio, ana shughuli anayoifanya siku hiyo. Fimbo haitamwambia mwalimu ni shughuli gani. Kufika nyumbani kwao kutamwambia.

Sasa nizungumze na waajiri wa wasaidizi wa kazi za nyumbani, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi hupotelea bila kuonekana. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo ya kusubiri, ndugu na madalali huzunguka vijijini Iringa, Singida, Dodoma na Tanga wakiwaahidi wazazi kwamba binti atapata kazi nzuri mjini na atasomeshwa cherehani. Matokeo yanapotangazwa, yeye yuko Tabata au Kimara anafua nguo za watu, na jina lake linasomwa katika orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari bila mwenyewe kujua. Ukiletewa msichana kati ya Oktoba na Januari, usimpokee kwa maneno ya dalali peke yake. Omba cheti cha kuzaliwa, ongea na mzazi wake kwa simu wewe mwenyewe, kisha umpigie mwalimu mkuu wa shule aliyosoma umuulize kama amechaguliwa. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa, na inaweza kubadilisha maisha ya mtu.

Sheria nayo iko wazi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala kuzuia mahudhurio ya shule. Sheria hiyohiyo inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Tafakari maana yake katika nyumba zetu: binti wa miaka 15 anayeamshwa saa kumi alfajiri ili awaandae watoto wa tajiri wake wawahi basi la shule, na anayelala baada ya kuosha vyombo vya saa tano usiku, anatumikishwa kinyume cha sheria hata kama analipwa, anakula vizuri na anaitwa "mwanangu". Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimelikuta katika nyumba za watu waungwana, wakiwamo walimu.

Jirani yangu mmoja aliletewa binti wa miaka 14 kutoka Singida, akaja kuniomba ushauri. Tulipompigia mwalimu mkuu tukaambiwa binti amefaulu. Hata hivyo hatukumpakia basi siku ileile, bali tulimuuliza baba yake mshahara ulikuwa wa nini. Alikuwa na deni la matibabu ya mkewe. Jirani akamsaidia kuzungumza na mdai, wakakubaliana lilipwe baada ya mavuno, na binti akaondoka na sare mpya pamoja na stahili yake yote mkononi mwake mwenyewe.

Kuna wazazi ambao wakisikia mazungumzo haya hudhani tunawakataza watoto wao kufagia uwanja, kuteka maji au kuosha vyombo. Hapana. Kazi za nyumbani zinazolingana na umri wa mtoto na kumwachia muda wa kusoma, kucheza na kulala ni malezi. Kinachopimwa ni saa, hatari, masomo, na nani anayefaidika.

Kwa mpita njia anayemkuta mtoto akiuza karanga saa tatu usiku, kumnunulia hakutamtoa hapo, na kumfukuza kutamsogeza tu kwenye giza zaidi. Muulize kwa upole anasoma wapi na anaishi mtaa gani, kisha utoe taarifa kwa mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa aiarifu serikali ya mtaa. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo. Ila ukigundua kwamba mtoto yuko chini ya mtu mzima anayewakusanya watoto na kuchukua mapato yao, au kwamba anapigwa, hapo hakuna suala la hesabu ya kaya tena. Nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Inapothibitika kwamba tatizo ni ufukara wa kawaida, zipo njia za kuziba pengo. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umekuwa ukitoa ruzuku inayoambatana na sharti la watoto kuhudhuria shule, na kwa kuwa walengwa hutambuliwa kupitia mikutano ya mtaa, mwambie mzazi asikose mikutano hiyo, au umsemee asipoweza kufika. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapa ninatoa angalizo moja. Mama asiye na biashara inayokwenda vizuri asisukumwe kukopa, si halmashauri wala kwenye kikoba, kwa sababu marejesho yakimshinda mtoto ndiye atakayetumwa kuyatafuta. Kwa kaya ya namna hiyo, michango ya ukoo, zaka ya msikitini au jumuiya ya kanisani hufaa zaidi, hasa ikielekezwa kwenye gharama moja inayojulikana.

Mtoto akisharudi shuleni, panga kuitembelea familia wiki ambayo ile gharama inadaiwa, kwa kuwa wakati huo ndio mahudhurio huyumba. Kwa aliyepitwa na umri wa darasa lake, omba nafasi ya MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, asikalishwe na watoto wadogo wanaomcheka. Msichana aliyepata ujauzito akiwa mwanafunzi asikatishwe tamaa na mtu yeyote, kwani tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatiza masomo, yeye akiwamo, kurejea katika shule za kawaida. Na kijana wa miaka 16 au 17 anayekataa katakata kurudi darasani, kwa sababu wadogo zake wanamtegemea, msimwache na mkokoteni wake. Mtafutieni kazi isiyo ya hatari pamoja na mafunzo ya ufundi, mwajiri akubali kumwachia saa za mafunzo, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mtendaji wa mtaa, nakala moja abaki nayo kijana mwenyewe.