Mtunze uliyetunukiwa naye kamisheni

Nilitunukiwa kamisheni, yaani cheo cha afisa wa jeshi, katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli mwishoni mwa miaka ya 1980, nami nilivua kombati kwa mara ya mwisho nikiwa luteni kanali. Katika miaka hiyo zaidi ya 30, wale tuliopita pamoja mbele ya Amiri Jeshi Mkuu, kila mmoja akiwa na nyota moja begani, wamekuwa makamanda wa vikosi, waambata wa kijeshi katika balozi zetu, walimu, wakulima, walinzi wa maghala, na wengine tayari ni marehemu. Naandika kwa ajili ya kijana atakayetoka Monduli mwaka huu, pengine na Shahada ya Sayansi ya Kijeshi ambayo sisi hatukuwa nayo, akidhani kwamba kundi lake litabaki kundi kwa sababu tu waliteseka pamoja. Halitabaki, msipolitunza.

Kwa miaka ya kwanza hamtaona tofauti. Luteni usu, cheo cha kwanza cha afisa, wote hulala katika mabweni yanayofanana, wote huongoza platuni, kikundi kidogo cha askari, wote hukopeshana nauli ya kwenda kumsalimia mama. Kupanda hadi ukapteni huchukua muda unaokaribiana kwa karibu kila mtu. Kundi huanza kugawanyika pale baadhi yenu wanapochaguliwa kwenda Duluti, katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kinachowaandaa maafisa kwa madaraka ya juu, na wengine wakabaki vikosini kusubiri nafasi ya mwaka ujao, kisha ya mwaka unaofuata. Lieleweni jambo hili mapema. Kikosi kina kamanda mmoja, brigedi ina kamanda mmoja, na Mkuu wa Majeshi ni mmoja, wakati Monduli hutoa maafisa wapya mwaka baada ya mwaka. Wengi wenu mtaishia njiani, na kuishia njiani si ushahidi kwamba mlikuwa wazembe. Nimewaona mameja waliowazidi majenerali wao kwa maarifa ya medani, na walijua hivyo, na majenerali wao pia walijua.

Nililielewa hilo kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulinigharimu rafiki. Pale Monduli nililala kitanda cha juu cha dabodeka, na mwenzangu mmoja kutoka Songea akalala cha chini. Baridi ya mwezi wa saba kule huwa kali, upepo unashuka kutoka mlimani na kupenya hata dirisha lililofungwa, na usiku ule nilipopata homa alinirushia blanketi lake bila kusema neno, akalala na koti. Miaka mingi baadaye yeye akawa kanali, mimi nikabaki meja kwa miaka 9. Siku alipokuja kukagua kikosi chetu nilimpigia saluti iliyonyooka, nikajibu maswali yake yote kwa ufasaha, na alipoomba tule pamoja jioni nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Alinipigia simu mara mbili wiki ile na sikupokea. Tulikaa miaka 3 bila kuzungumza, na katika miaka hiyo hakunitendea baya lolote. Kosa lake pekee machoni pangu lilikuwa zile alama za cheo begani mwake.

Mama yangu alipofariki, alifika msibani asubuhi na mapema, amevaa shati la kawaida, akiendesha pikapu iliyobeba maturubai na madumu ya maji. Hakuja kwanza kunipa mkono. Alianza kusaidiana na vijana wa mtaani kufunga turubai, na shangazi zangu walimtuma kuni kama wanavyotumwa wakwe wadogo, bila kujua ni nani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mikono imejaa masizi. Tulikumbatiana, nikamwomba radhi, naye akaniuliza kama mama aliteseka sana.

Kutokana na hayo nina ushauri wa aina mbili. Wewe uliyebaki nyuma, mpe mwenzako heshima yote ya cheo mbele ya askari, tena uitoe kwa moyo mweupe, kwa sababu saluti ni ya kamisheni aliyopewa na Jamhuri na haikupunguzii kitu. Mkiwa wawili mwite kwa jina mlilokuwa mkiitana bwenini. Usimwombe akuhamishe, wala usimwombe akuombee kozi, kwani siku utakapomwomba hivyo urafiki utageuka kuwa faili mezani kwake. Wewe uliyepanda, jukumu lako ni kubwa zaidi: piga simu kwanza. Aliyebaki chini husita kupiga kwa kuogopa kuonekana ana shida, na kimya chake wewe utakitafsiri kuwa wivu. Piga, uliza habari za watoto, usizungumzie kazi. Ukikutana naye mbele ya mke wake, mheshimu kwa namna ambayo mke ataiona, maana ndani ya nyumba ile huenda swali la kwa nini wewe umepanda na yeye hajapanda limeulizwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Wapo watakaotoka jeshini mapema, nao msiwahesabu kuwa wamepotea. Mwaka 1992, siasa za vyama vingi ziliporejeshwa na ikawa lazima kuchagua kati ya jeshi na chama, Jakaya Kikwete, ambaye miaka ya 1980 alikuwa mkufunzi pale pale Monduli, alistaafu akiwa luteni kanali na kubaki katika siasa. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Rais, na akarudi viwanjani kama Amiri Jeshi Mkuu. Wengi wanaotoka hawafikii huko, bila shaka. Mmoja wetu aliacha kazi akiwa kapteni na kwenda kufundisha hisabati sekondari, na kwa muda mrefu tulimzungumzia kwa sauti ya huruma. Leo baadhi ya maafisa ninaowafahamu walipita darasani kwake, na yeye ndiye mwenye afya njema kuliko sisi sote.

Nisisitize zaidi suala la kustaafu, kwa sababu hapo ndipo nimeona wenzangu wakiumia. Umri wa kustaafu kwa afisa hutegemea cheo, hivyo meja huondoka akiwa bado na nguvu, na mara nyingi akiwa bado na mtoto wa shule ya msingi. Ukiwa kambini una nyumba ya kota, una dereva kwa kadiri ya cheo chako, una hospitali, na kila asubuhi kuna mtu anayekuita afande. Vyote hivyo huondoka kwa mkupuo. Mwenzetu mmoja hakuwa amejenga hata chumba kimoja. Alipopokea kiinua mgongo alinunua basi kwa ushauri wa mtu aliyekutana naye ndani ya mwezi ule ule, na basi likasimama juu ya mawe kabla ya mwaka kuisha. Mwingine, mtu wa Njombe, alianza kupanda miche ya parachichi akiwa bado meja, michache kila likizo, tukimwona mtu asiyejua kupumzika. Alipostaafu alikuta shamba linalozaa. Naomba uanze kujenga ukiwa kapteni, hata kama ni msingi tu, na fedha ya kiinua mgongo uikalishe benki miezi 6 kabla ya kuigusa. Mtu yeyote anayekuharakisha ndani ya miezi hiyo, hata akiwa wa kundi lako la Monduli, mkatalie.

Jambo la mwisho ni kaunta buku. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu ilishambuliwa Semuliki, Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na miili ya vijana wetu iliporudishwa Dar es Salaam nilikwenda kuwaaga. Karibu yangu walisimama maluteni wawili waliokuwa wakiulizana kwa sauti ya chini kuhusu mwenzao mmoja: kwao ni wapi hasa, ana watoto wangapi, mke anaitwa nani. Walikuwa wamekula naye sahani moja na hawakujua. Niliporudi nyumbani nikajiuliza maswali hayo hayo juu ya kundi langu, na kwa zaidi ya nusu yao sikuwa na jibu.

Siku iliyofuata nilinunua kaunta buku, nikampigia yule mwenzangu wa Songea, tukaanza kuandika. Kila mtu ana ukurasa wake: jina, simu, jina la mwenzi wake na simu yake, majina ya watoto, kijiji cha wazazi na njia ya kufika, pamoja na jina la balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa simu za watu hubadilika lakini balozi hupatikana. Kila mwezi wa kwanza tunagawana kurasa na kupiga simu kuhakiki. Tuna mfuko mdogo wa rambirambi, wote tunachangia kiasi kimoja bila kujali cheo, na mweka hazina ni yule mwalimu wa hisabati. Mwaka jana mmoja wetu alifariki kijijini kwao, Mbozi, mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Tulifungua ukurasa wake, tukampigia balozi, naye akatusubiri barabarani na tochi saa 4 usiku ili atuonyeshe njia ya kushuka hadi nyumbani kwa mjane.